KIDONDA CHA USO KISICHOUMA

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mvuvi wa omena wa Mbita akiisogelea mno karabai usiku, husikia moto shavuni akaondoa uso mara moja. Lakini mtu ambaye shavu lake limekufa ganzi huungua asijue, hujikuna mpaka damu ikatoka asisikie, na kidonda chake hakiponi kwa miezi mingi. Majirani husema ni chira. Sivyo.

Uso hupata hisia kwa mshipa wa fahamu wa tano utokao katika ubongo, wenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu, na la taya. Tawi likiharibika ngozi hufa ganzi, na ajabu ni kwamba ngozi hiyo isiyosikia huwasha, kana kwamba sisimizi wanapita juu yake. Mkono huenda pale wenyewe, hata usingizini. Mara nyingi kidonda huanza kando ya pua, kikaila kwa umbo la mwezi mchanga, na ncha ya pua ikabaki nzima, kwa kuwa yenyewe hupata hisia kwa tawi jingine.

Mshipa huu huharibiwa na kiharusi, na upasuaji wa kichwani, pengine na ukoma. Tena na mkanda wa jeshi, yaani virusi vya tetekuwanga vilivyolala mshipani miaka mingi vikaamka mwili unapodhoofika, kama kwa mwenye UKIMWI asiyetumia dawa.

Mafuta peke yake hayatoshi, maana mkono ndio unaokirudisha kidonda. Kucha zikatwe fupi, na usiku mgonjwa avae glavu za pamba. Kidonda kioshwe kwa maji safi, kipakwe mafuta mazito, kifunikwe. Daktari huweza kutoa dawa ya kutuliza mshipa, kama gabapentini, na hukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe, isije ikawa ni saratani. Pua iliyokwisha kuliwa huweza kuzibwa na mpasuaji kwa ngozi yenye hisia.

La haraka kuliko yote ni jicho. Malengelenge ya mkanda wa jeshi yakitokea kwenye paji au pua, jicho laweza kufa ganzi, likachubuliwa na mchanga likapofuka bila maumivu. Dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianza kabla ya siku 3 kupita. Mtu wa Rusinga huvuka kwa daraja. Wa Mfangano hungoja chombo, kwa hiyo na aondoke siku ile ile.