Faharasa Iliyotungwa Ndani ya Eda

Nyumba yetu iko Minjila, hatua chache kutoka njia panda ambapo magari yatokayo Malindi hugawanyika, mengine yakishika barabara ya Lamu na mengine yakielekea Hola na Garissa. Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu ni Mpokomo. Mwingine ametoka kwa Waorma, akaolewa na kaka wa yule wa kwanza. Kaka huyo, Mungu amrehemu, alifariki Agosti 2023 akiacha watoto wanne, mkubwa wao akiwa kidato cha tatu. Mjane akaingia eda, na ujira wake wa kufundisha Kiswahili katika shule ya binafsi ukakatika siku aliyoacha kwenda darasani. Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa nyumba isiyo na akiba.

Kazi ilitujia kwa njia ya rambirambi. Mhariri mmoja wa Nairobi, aliyesoma na mjane wetu chuo cha ualimu, alipiga simu kutoa pole. Mwishoni mwa mazungumzo akauliza kama bado ana ile tabia ya kusahihisha kila karatasi inayopita mbele yake. Alikuwa na kitabu cha Kiswahili kuhusu watu na maji ya delta ya Tana, kurasa 236, na hakuwa na mtu wa kukiandalia faharasa. Tukamuuliza ustadhi wa mtaa, naye akasema kazi ya halali ifanywayo ndani ya nyumba haivunji eda. Basi tukakubali, ingawa hatukujua vizuri tulichokubali.

Wasomaji wengine huchanganya faharasa na orodha ya yaliyomo. Orodha ya yaliyomo hukaa mbele na kufuata mpango wa mwandishi, sura kwa sura. Faharasa hukaa nyuma, imepangwa kwa alfabeti, nayo humtumikia msomaji ambaye hana nafasi ya kusoma kitabu kizima, bali anataka kujua palipotajwa mpunga, au Garsen, au babu yake. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu. Ibn al-Nadim aliita Fihrist kitabu chake kilichoorodhesha vitabu, alichokiandika Baghdad mwaka 377 Hijria, sawa na 987. Na anayetafuta aya kwa kukumbuka neno moja tu hulikimbilia kamusi la Mmisri Muhammad Fuad Abd al-Baqi, lipangalo maneno ya Qurani kwa mizizi yake pamoja na sura na aya. Lilikuwa kabatini mwa marehemu kwa miaka mingi, wala hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekaa kitako akayapanga yale.

Kazi huanza mchapishaji akishapanga kurasa, maana kabla ya hapo nambari hazina maana. Unasoma prufu mara ya kwanza kwa utulivu bila kuandika chochote. Mara ya pili unasoma na kalamu, ukijiuliza kila ukurasa: msomaji gani atataka kurudi hapa, na atalijia kwa neno gani? Neno hilo ndilo kidahizo. Si kila neno lililochapwa hustahili. Kitabu chetu kilitaja mto karibu kila ukurasa. Kidahizo cha «mto» chenye nambari mia mbili hakimsaidii mtu. Lazima ukigawe: mafuriko, mkondo kuhama, mitumbwi, mashamba ya kingoni. Kitabu cha kawaida huhitaji kurasa tatu hadi tano za faharasa kwa kila kurasa mia. Sisi tulitoa tisa. Tulianza kwa daftari, tukahamia kwenye programu ya majedwali katika kompyuta kuukuu ya marehemu. Ziko programu zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa, kama Macrex na Sky Index, lakini hatungeshauri mtu azinunue kabla hajamaliza kitabu chake cha kwanza.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ukiandika Wapokomo, Waorma, Wasanye, wavuvi na wafugaji kama walivyo, herufi W huvimba kama mto wa masika. Ukiandika kulima, kufuga na kuvua, K nayo hufurika. Tuliamua makabila yabaki na kiambishi chake, kwa kuwa hakuna Mswahili atafutaye «Pokomo» peke yake, lakini vitenzi tukavigeuza majina. Kompyuta ilimpeleka ng'ombe mahali pasipojulikana kwa sababu ya ile alama ya juu, tukamrudisha zizini kwa mkono. Majina ya watu yalitutoa jasho zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hutafutwa chini ya Mazrui, wala «Sheikh» haihesabiwi. Mwana Kupona binti Mshamu humkuta kwenye Mwana Kupona. Lakini watu wengi wa huku kwetu hawana jina la ukoo: hubeba jina lao, la baba na la babu. Ukifuata kanuni ya Wazungu ya kuanza na jina la mwisho, utakuwa unamtafuta mtu mahali alipolazwa babu yake. Hao tuliwaweka kwa jina lao la kwanza, tukaeleza hivyo juu ya faharasa.

Tuligawana sura. Jioni moja mjane akachukua sehemu ya mwenziwe na kuisoma kwa sauti. Chini ya Wapokomo palikuwa na kilimo, maembe, mpunga, mitumbwi, ndoa. Chini ya Waorma palikuwa na mapigano, silaha, uvamizi wa mashamba. Alipomaliza hakusema kitu. Alikifunika kikaratasi kwa kiganja. Kisha akauliza, «Wifi, hivi ndivyo tulivyo?»

Mwenziwe hakuwa amekusudia. Alikuwa amefuata sura inayozungumzia mwaka 2012, mwaka ambao hapa delta hakuna nyumba isiyoukumbuka, naye alinakili kama ilivyoandikwa. Lakini faharasa husomwa na watu ambao hawatakisoma kitabu. Mwanafunzi wa mbali akifunua hapo na kukuta jamii nzima imefupishwa kuwa silaha, ataondoka na hilo. Hatukulala vizuri usiku ule, wala hatukuongea sana asubuhi.

Tulirudi ukurasa wa kwanza. Mwandishi, tuseme haki, hakuwa na kosa: alieleza visima, maziwa, mashairi, uchumba, malisho ya kiangazi, na zaidi ya yote malka, zile njia ambazo mifugo hupitia kufika mtoni. Malka ilitajwa katika kurasa 19, nasi tulikuwa tumeizika chini ya «migogoro». Tukaifanya kidahizo kinachojitegemea. Mapigano ya 2012 tukayapa kidahizo chao chenyewe, kwa kuwa kuyaficha nako ni kumdanganya msomaji, na kutoka Wapokomo na kutoka Waorma tukaweka neno lile lile: tazama pia. Wafu wa pande zote mbili wakawa na nambari zile zile.

Tulituma kazi mwishoni mwa Oktoba, tukiamini tumemaliza. Novemba mvua zikashuka, Tana ikatoka kingoni, barabara ya Lamu ikafunikwa na maji upande wa Gamba, na jamaa kumi na mmoja kutoka vijiji vya mtoni wakahamia kwetu. Wiki hiyo hiyo mhariri akaandika kwamba kurasa mbili za picha, ya 97 na ya 98, zimeondolewa, hivyo kila nambari kuanzia 99 irudi nyuma mbili; alitaka kazi baada ya siku nne. Vidahizo vyetu vilikuwa 640. Kutoa mbili ni hesabu ya mtoto, lakini palipoandikwa 94–99 panakuwa 94–97, na palipotajwa picha yenyewe panafutwa kabisa. Umeme ulikatika siku ya pili. Tulikwenda kwa zamu, mmoja akipika uji wa wageni na mwingine akitoa mbili mbili, na simu ikichajiwa kwa sola ya jirani.

Malipo yalikuwa kwa kila ukurasa wa kitabu, na yalifika kwa M-Pesa mwezi Machi. Januari mwanetu alikuwa amerudishwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo, tulikopa. Tangu hapo hatuanzi kazi kabla ya kupokea nusu ya fedha, na maandishi yanayosema kwamba kurasa zikibadilishwa baada ya kukabidhiwa, marekebisho yana bei yake. Dada anayefikiria kazi hii atengeneze kwanza faharasa ya kitabu alichonacho nyumbani ambacho hakina, awapelekee wachapishaji kama sampuli, na asijidanganye kwamba kazi zitakuja kila mwezi. Kwetu, kwa mwaka, vimekuja vitatu. Mjane amerudi kufundisha. Faharasa hufanywa usiku, watoto wakishalala.

Nakala yetu ilishushwa njia panda na kondakta wa basi la Lamu, imefungwa kwa gazeti. Mwanetu alikuwa wa kwanza kuifungua, akaenda moja kwa moja nyuma, akatafuta Minjila. Palikuwa na nambari nne. Akazifuata moja moja kwa kidole, kisha akaja jikoni na kitabu kikiwa wazi mkononi.

«Mama, shangazi, hii 143 si kweli. Minjila iko 141.»