Nusura Kibarua Kiote Nyasi kwa Ua Linalonukia Ndizi

Wiki hii naomba usinicheke, maana aibu niliyoipata huku Uingereza ni ya mwaka.

Kila Jumamosi nina kibarua cha bustani kwa bibi mmoja mjane. Agosti ya mwaka juzi akaniambia nisafishe kibanda chake cha vioo. Humo nikakuta vyungu 14, udongo mkavu kama unga, hata jani moja hakuna. Nikasema haya yamekufa zamani! Nikamwaga vyote kwenye lundo la mboji, nikaviosha vikang'aa, halafu nikakaa kusubiri sifa.

Bibi alipoviona vitupu alishika mdomo. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema taratibu, "Marehemu mume wangu aliyaotesha hayo kwa mbegu." Na ua lile, likioteshwa kwa mbegu, linachukua miaka kadhaa mpaka lichanue. Hapo nikajua kibarua kimeota nyasi, tena nyasi za bustani ileile.

Tukapiga magoti wote wawili tukichakura lundo, bibi wa watu na umri wake. Mpaka giza linaingia tumepata matunguu tisa.

Jioni ile akanipa darasa. Ua lenyewe kitaalamu ni Muscari macrocarpum. Ndugu yake mashuhuri ni lile la bluu ambalo Waingereza wanaliita kwa jina la zabibu, kwa vile vijiua vyake vimebanana kama kichala. Hilo limejaa kila bustani, linazaana kama panya, wengine wanaling'oa kwa hasira. La bibi ni la njano, na kwao ni visiwa vya Ugiriki na kusini magharibi mwa Uturuki, ambako kiangazi ni jua kali na mvua hakuna. Kwa hiyo kiangazi linalala, na linataka kulala pakavu penye joto. Kumbe mimi nilizika mtu yuko usingizini!

Ukoo wao ni mkubwa, bwana. Lipo Leopoldia comosa lenye kishungi cha zambarau kichwani. Kule Puglia, kusini mwa Italia, matunguu yake ni kitoweo, ila uyachemshe na kumwaga maji, maana ni machungu. Yapo na Bellevalia, yaliyopewa jina la Mfaransa Pierre Richer de Belleval, aliyeanzisha bustani ya mimea ya Montpellier mwaka 1593. Ukitaka kuyatofautisha, tazama mdomo wa kijiua: la zabibu limebana kama mtu anayepiga mluzi, Bellevalia limeachama. Na sikia hii: mkonge wetu wa Tanga nao wataalamu wameuweka kwenye familia hiyohiyo! Nilipomwambia bibi kwamba nimekulia kando ya mashamba ya mkonge, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Oktoba tukayapanda upya, udongo tukichanganya na changarawe nyingi ili maji yasituame. Mizizi ya ua hili ni minene na haifi kila mwaka kama ya mengine, kwa hiyo halipendi kusumbuliwa. Mimi niliikata ovyo nilipomwaga, ndiyo maana msimu ule tulipata majani matupu. Nikataka kuyapunguza yalipoanza kunyauka, bibi akanizuia: majani yale ndiyo yanayolisha tunguu kwa mwaka unaofuata, uyaache yakauke yenyewe.

Aprili mwaka huu nafika tu, bibi ananiita, "Njoo unuse." Nikainama. Jamani, ndizi mbivu! Si mfano wa ndizi, ndizi yenyewe, kama mkungu wa kisukari uliofunikwa guniani. Nikafumba macho nikajiona niko sokoni Korogwe.

Vyungu vitano vimechanua. Vinne bado majani matupu, na kila Jumamosi navichungulia kwanza kabla sijavua koti.