Mwisho wa Mwaka: Mtumishi wa Chama Ajipime kwa Kipimo Gani?

Katika Bonde la Usangu mwezi wa Desemba si mwezi wa mapumziko. Mvua zimeanza au zatazamiwa, vitalu vya mpunga vinamwagwa mbegu, na mwanachama wa Chimala mwenye majaruba yake hana nafasi ya kukaa barazani akiusimulia mwaka uliopita. Kalenda humaliza mwaka wakati mkulima ndiyo kwanza anauanza. Yaelekea hiyo ni sababu mojawapo ya vyama vyetu vya msingi kuipita Desemba bila viongozi na watumishi wake kujiuliza wamekua kiasi gani katika kazi zao.

Mali ya chama ina utaratibu wake. Fedha huhesabiwa, leja hufungwa, urari hutengenezwa, mizania husomwa mbele ya wanachama, na mkaguzi huandika hoja zake. Walakini hakuna daftari lionyeshalo kama katibu aliyeanza Januari ndiye yule yule anayemaliza Desemba, au kama amepata ujuzi ambao hakuwa nao. Hilo mtu hana budi kulihesabu mwenyewe, na ugumu wake ni kuchagua kipimo.

Aghalabu kipimo kinachotumika ni semina. Mtumishi husema, mwaka huu nimehudhuria semina mbili, na vyeti vyake hutundikwa ukutani. Hatusemi kwamba semina hazina faida. Lakini semina ni mbegu tu, na hakuna mkulima wa Usangu anayepima mavuno kwa kuhesabu mbegu alizomwaga kitaluni. (Wapo pia wanaoikumbuka posho ya semina vizuri zaidi kuliko somo lake, ila hao tuwaache.)

Nchi yetu iliwahi kujipima mwishoni mwa mwaka kwa namna ifaayo kukumbukwa. Tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo watu wazima wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Jambo la kujifunza humo si tangazo peke yake, bali yaliyofuata. Taifa halikuridhika kuhesabu madarasa yaliyofunguliwa. Mwaka 1975 mtihani wa kisomo ulifanywa nchi nzima, kisha ukarudiwa katika miaka iliyofuata. Wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67 katika miaka ya sitini mwishoni. Walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na hadi asilimia 27 mwaka 1977. Daraja la juu katika mtihani lilikuwa la yule awezaye kusoma gazeti na kuweka hesabu zake mwenyewe, yaani mtu aliulizwa anaweza kufanya nini.

Swali hilo ndilo lifaalo kuulizwa katika ofisi ya chama: ni kazi gani ninayoiweza Desemba hii ambayo Desemba iliyopita sikuiweza?

Tuchukue mfano wa karani wa ghala, kwa kuwa hapo ndipo heshima za watu wengi hupotelea. Chama kinapokea mpunga magunia 500, kila gunia kilo 100 kwa mizani, jumla kilo 50,000. Mpunga huo haujakauka vema. Unyevu wake ni asilimia 20. Unaanikwa hadi ufike asilimia 14, kiwango ambacho waweza kuwekwa ghalani bila kuvunda. Siku ya kuuza unapimwa tena, na mizani inasoma kilo 46,500 na kitu. Magunia 35 hivi hayaonekani. Wanachama wananong'ona, na kikao cha halmashauri kinageuka baraza la mashtaka.

Karani anayeijua kazi yake atachukua kalamu. Katika kila kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 20, maji ni kilo 20 na kitu kikavu ni kilo 80. Unapoanikwa, maji hupungua, lakini zile kilo 80 hubaki. Unyevu ukiwa asilimia 14, kitu kikavu huwa asilimia 86 ya uzito wote. Basi gawanya 80 kwa 0.86, utapata kilo 93 na nukta. Kila gunia limepoteza kilo 7 kasoro kidogo, na magunia 500 yamepoteza kilo 3,488 kwa jua tu, bila mkono wa mtu. Kosa la kawaida ni kutoa 14 katika 20 na kusema upungufu ni kilo 6 kwa gunia. Kwa hesabu hiyo karani mwaminifu ataonekana ameiba karibu kilo 500.

Na hesabu hiyo hiyo humfichua asiye mwaminifu. Ikiwa ghalani zimepungua kilo 5,000, jua haliwezi kulaumiwa kwa zote. Baada ya zile 3,488, kilo zaidi ya 1,500 zataka maelezo mengine. Karani asiyeweza kuyaeleza haya mwaka jana, naye mwaka huu anayaeleza mbele ya mkutano mkuu kwa lugha ambayo bibi mwenye robo eka ya majaruba anaielewa, amekua. Hahitaji cheti kulithibitisha.

Hata hivyo kukua kwa mtu mmoja kuna hatari yake, na hapa historia ya ushirika wetu ina neno. Mwezi wa Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vya ushirika. Ununuzi wa mazao ukahamia kwenye vijiji na mamlaka za mazao, na nafaka zikawa za Shirika la Taifa la Usagishaji. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha ushirika, na vyama vikuu vikaanza tena kazi karibu na mwaka 1984. Miaka minane ilikuwa imepita. Karani aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku ya kuvunjwa sasa alikuwa na miaka 38, na huenda alikuwa amekwisha kwenda kulima au kufanya biashara. Majengo na mizani huweza kukabidhiwa kwa hati. Ujuzi wa kufunga leja hauna hati. Ulibaki vichwani mwa wale waliousoma, wengine katika Chuo cha Ushirika Moshi kilichoanzishwa mwaka 1963, wengine kwa masomo ya posta ya chuo hicho hicho. Mahali ambapo hakuna aliyekuwa amemfundisha mwenzake, ilibidi kuanza upya.

Leo hatari hiyo haihitaji amri ya Serikali. Yatosha katibu mmoja augue mwezi mzima. Taarifa za vyama sasa huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa vyama vya ushirika, uitwao MUVU, ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Chama ambacho mtu mmoja tu anajua kuutumia kimeegemea nguzo moja. Kwa maoni yetu, mtumishi aliyejifunza mambo matatu na kuyaficha amekua kidogo kuliko aliyejifunza moja na kumwonyesha mwenzake. Wako wanaodhani kwamba ujuzi ukibaki kwao peke yao kazi yao imepata ulinzi. Huo ni ulinzi wa mtu, si wa chama, na wanachama hulipa gharama yake.

Upande wa tabia tuuseme kwa ufupi. Mwenyekiti ajiulize ni mara ngapi mwaka huu alikubali kusahihishwa mbele ya watu bila kukasirika, na mweka hazina ni mara ngapi alisema “sijui, nitauliza” badala ya kubuni jibu. Mwanachama naye hakusamehewa: je, anaweza kuisoma stakabadhi yake mwenyewe, au bado humwuliza mtoto?

Shabaha za mwaka ujao zisiwe nyingi. Mpunga unaopandwa sasa utaanza kuvunwa mwezi wa Mei na Juni, hivyo ipo miezi mitano ya kumfundisha mtu wa pili kutumia kipima unyevu, kujaza kitabu cha ghala na kuipiga ile hesabu ya 80 kwa 0.86 bila kusaidiwa. Chama kisicho na kipima unyevu chaweza kuazima kwa jirani kwa siku moja ya mafunzo, iwe ni kutoka Igurusi au kwingineko, mradi miadi ifanywe mapema Januari, kabla watu hawajazama katika kupandikiza.