Fundi Ametutoka, Kazi Imebaki

Juma hili tumemzika fundi mmoja wa Mji Mkongwe. Hakuwa na cheo wala gari. Alikuwa na msumeno, mwiko na mkoba wa ukili. Mchana aliziba mapaa yaliyovuja na kutengeneza milango. Wajane hakuwatoza ujira. Magharibi ilimkuta kwake, akiwasomesha wanawe Kurani na hesabu.

Daima alituonya kuwa kuta za mawe na chokaa hazitaki saruji, kwani huzuia unyevu kutoka. Tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukanunua saruji.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nasi mjuzi wa kuujenga tumemzika.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wanaohusika, na nafsi zetu pia: rambirambi pekee hazitoshi. Mwanawe wa kike alijifunza kwake kuchanganya chokaa. Apewe vijana awafundishe, angali yupo.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Amin.