Kumega Ombi: Kitenzi Kimoja na Ukubwa wa Maombi ya Diski

Dhana za kompyuta zinapoingizwa katika Kiswahili, mjadala aghalabu huishia kwenye nomino: hiki kiitweje, kile kiitweje. Vitenzi husahauliwa, ilhali ndivyo vinavyobeba utendaji wa mashine. Mfano mzuri ni jinsi mfumo wa Linux unavyoshughulikia ukubwa wa maombi yanayopelekwa kwenye diski kadhaa zilizounganishwa zikaonekana kuwa moja.

Diski ya namna hiyo haitoki kiwandani. Huundwa na programu. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataiita "juzuu ya kimantiki", na msomaji atadhani anaelezwa habari za kitabu cha falsafa. "Diski dhahania" inatosha, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana kwa programu zinazoitumia.

Programu inapotaka kusoma au kuandika data, hutoa ombi lenye mahali pa kuanzia na ukubwa. Linux huhesabu mahali hapo kwa sekta za baiti 512, hata pale diski yenyewe inapotumia sekta za baiti 4096. Kila diski ina kikomo cha ukubwa wa ombi moja. Diski dhahania huongeza kikwazo kingine, yaani mipaka baina ya sehemu zake. Ichukuliwe kwamba data imepangwa kwa zamu katika diski mbili, KB 64 huku na KB 64 kule. Ombi la KB 100 linaloanzia KB 16 kabla ya mpaka litahitaji safari tatu: KB 16 kwenye diski ya kwanza, KB 64 kwenye ya pili, kisha KB 20 kwenye ya kwanza tena.

Kitendo hiki kiitweje? "Kugawa" huleta picha ya mafungu na wagawiwa, mara nyingi kwa usawa, na hapa hakuna usawa. "Kupasua" ni hatari zaidi. Fundi akisoma katika kumbukumbu za mashine kwamba "ombi limepasuka", atadhani diski imeharibika, na huenda akaitupa diski nzima isiyo na kasoro. Kitenzi kinachofaa ni "kumega". Amegaye ugali huchukua tonge linalotosha, na donge lililobaki hukaa likingojea. Mfumo nao hufanya vivyo hivyo: humega sehemu ya mbele inayoingia ndani ya mpaka, huipeleka, kisha hulirejesha salio lipimwe upya.

Utaratibu huo haukuwa hivyo tangu awali. Kabla ya toleo la 4.3 la kiini cha Linux, lililotoka Novemba 2015, anayetayarisha ombi alipaswa kuuliza kwanza kila alipotaka kuongeza ukurasa wa data: je, walio chini wataupokea? Swali lilishuka tabaka kwa tabaka. Pale tabaka la kati liliposhindwa kulifikisha swali kwa diski ya chini iliyolihitaji, maombi yalibanwa yasizidi ukurasa mmoja, ambao katika kompyuta nyingi ni KB 4. Usalama ulipatikana, lakini kwa kufanya kazi kubwa kwa vijiko vya chai. Toleo hilo liliondoa uulizaji huo. Tangu hapo ombi huweza kutayarishwa likiwa kubwa, na tabaka linalokijua kikomo chake ndilo linalomega. Kiisimu, hili si jambo dogo: mtenda wa kitenzi amebadilika, na maelezo ya Kiswahili yanayotumia kauli ya kutendwa pekee, "ombi humegwa", humficha.

Linabaki suala la jibu. Matonge hayarudi kwa mpangilio yalivyokwenda. La tatu laweza kutangulia la kwanza. Mwombaji hajibiwi mpaka yote yawe yamerudi, na moja likishindikana, ombi zima hurudishwa na kosa, hata kama mengine yamekwisha kuandikwa diskini. Kwa hiyo "ombi limeshindikana" haina maana kwamba hakuna kilichoandikwa, na mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili anapaswa kulisema hilo waziwazi.