Makombora (3): Viazi vya Hitler

Sehemu zilizopita tuliishia kwenye baruti. Leo, kwa kuwa taarifa za habari zimejaa makombora ya Mashariki ya Kati, wasomaji wanauliza: mbona mengine hufyatuliwa papo hapo, na mengine hujazwa mafuta kwanza?

Tuanze na babu yao, V-2 ya Wajerumani, iliyoruka vizuri kwa mara ya kwanza kutoka Peenemünde tarehe 3 Oktoba 1942. Ilichoma spiriti, asilimia 75 kileo na 25 maji, kwa oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Maji yalitiwa makusudi ili kupunguza ukali wa moto. Spiriti nayo ilipitishwa kwanza ndani ya kuta za injini kuzipoza, ndipo ikaungua. Yote iliisha kwa dakika moja hivi, na kombora likafika kilomita 320, karibu sawa na barabara ya kutoka hapa Ilomba, Mbeya, hadi Iringa mjini.

Kileo hicho kilitokana na viazi mviringo, na hapo mimi mwana wa Nyanda za Juu Kusini siwezi kunyamaza. Kombora moja lilibeba karibu tani 4 za mchanganyiko huo. Kuupata kulihitaji takribani tani 30 za viazi, yaani magunia 300 ya kilo mia, tena bila lumbesa! Yalirushwa makombora zaidi ya 3,000. Wakati huohuo wafungwa waliyaunda wakifa njaa: katika kambi ya Mittelbau-Dora walikufa kama 20,000, wengi kuliko waliouawa na makombora yenyewe.

Mhandisi mmoja wa V-2, Kurt Debus, baadaye aliongoza kituo cha anga cha Kennedy huko Marekani. Kisha alijiunga na OTRAG, kampuni iliyorusha roketi kutoka Shaba, Zaire (leo Kongo), ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1977 na 1978. Rais Mobutu wa Zaire alishuhudia ya tatu ikianguka. Hiyo haikutumia spiriti, bali asidi na mafuta. Lakini wananchi wa Shaba walikuwa na haja ya roketi, au ya barabara na unga?

Turudi kwenye swali. Oksijeni ya kimiminika hugeuka kuwa mvuke, kwa hiyo V-2 ilijazwa dakika za mwisho. Makombora mengi ya leo yana fueli yabisi, hayangoji.

Sayansi haina kosa. Kosa ni la mtawala anayeunguza chakula cha watu angani, na la sisi tunaompigia makofi.

Itaendelea.