Kumfuata Yesu Katika Maisha ya Kila Siku (Sehemu ya 3): Kazi, Mizani na Jirani Kando ya Ziwa

Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa watu wa ziwani. Simoni Petro na Andrea walikuwa wakitupa wavu walipoitwa. Yakobo na Yohana walikuwa chomboni wakitengeneza nyavu pamoja na baba yao Zebedayo na vibarua wake. Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake kama kilomita 21 na upana 13, nalo lingeingia lote ndani ya Ghuba ya Speke na kubakiza nafasi. Lakini kazi ni ile ile. Mvuvi wa Igombe au Ukerewe hahitaji kuelezwa maana ya kukesha majini na kurudi asubuhi mtumbwi ukiwa mtupu, kama ilivyompata Petro katika sura ya 5 ya Injili ya Luka.

Kwa kuwa Petro aliacha nyavu zake, waumini wengi hudhani kumfuata Yesu kikamilifu ni kazi ya padri, mtawa, mchungaji na mwinjilisti, na kwamba wengine wote wanafuata kwa mbali. Injili zenyewe hazisemi hivyo. Mathayo aliacha meza ya ushuru, ni kweli, lakini Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, hakuambiwa aache. Aliahidi kugawa nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kabla ya hapo, watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini. Watoza ushuru waliambiwa wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari waliambiwa wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Hakuna aliyetumwa jangwani. Walio wengi wameitwa wamfuate Yesu pale pale walipo, na wito huo si mwepesi kuliko ule wa kuacha vyote, maana aliyebaki kazini hukutana na kishawishi kile kile kila asubuhi.

Historia ya Ukristo kando ya Ziwa Viktoria inathibitisha jambo hili mapema kabisa. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, walitoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Kageye, karibu na Mwanza, mwisho wa mwaka huo. Waliotangulia kati yao waliingia Buganda Februari 1879. Mwanzilishi wao, Kadinali Charles Lavigerie, aliweka sharti kwamba anayetaka ubatizo afundishwe kwa muda wa miaka 4. Muda huo haukuwa wa kukariri katekisimu tu. Jamii ilikuwa ikimtazama mtu huyo anavyoishi na mke wake, jirani zake na wanaomtumikia. Mwezi Novemba 1882 mapadri walilazimika kuondoka Buganda, wakavuka kuja kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 misheni ya Bukumbi ikaanza. Walikaa nje ya Buganda hadi 1885.

Kilichotokea nyuma yao ndicho kinachostahili kuzingatiwa. Waumini wachache walioachwa Buganda bila padri hawakupotea, bali waliongezeka. Walifundishana majumbani, wakatunza wagonjwa, wakaendelea na kazi zao za kila siku, hata ndani ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mmoja wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikuwa msimamizi wa vijana wa ikulu. Alipomwambia Kabaka Mwanga waziwazi kwamba kumuua Askofu Mwanglikana James Hannington lilikuwa kosa, aliuawa Novemba 1885, miezi michache kabla ya wenzake kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Imani yake ilipimwa akiwa kazini, mbele ya bosi wake.

Kwa Mwanza ya leo kipimo hicho kiko mwaloni. Katika mwalo wa Kirumba dagaa, sangara wakavu na samaki wengine hupakiwa kwenda mikoani na nchi jirani, Kongo ikiwemo. Biashara hiyo ina njia nyingi ndogo za kumwibia mtu bila kumshika mfukoni: mizani iliyochezewa, ndoo iliyobonyezwa chini, dagaa walioanikwa mchangani na kuachwa na mchanga wao ili uzito uongezeke, kibarua kuambiwa mauzo yalikuwa mabaya wakati tajiri ameshauza. Torati inakataza vipimo vya udanganyifu katika kitabu cha Mambo ya Walawi, na Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele mbele za Mungu. Mafundisho hayo hayahitaji kutafsiriwa kwa hali ya kisasa. Mama mwenye chanja ya dagaa akipepeta mchanga kabla ya kupima, ingawa ndoo itapungua na jirani yake hapepeti, anamfuata Yesu kwa namna ambayo hakuna anayemwona ila mteja, na pengine hata mteja hajui.

Zana za uvuvi nazo zimo. Sheria ya Tanzania inakataza makokoro, nyavu za makila (za uzi mmoja wa plastiki) na sumu, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mvuvi mwenye watoto wenye njaa ana hoja nzito, na mhubiri anayemlaani bila kuijua bei ya wavu halali hamtendei haki. Hata hivyo kokoro linakokota samaki wadogo kutoka kwenye mazalia, na hasara inamfikia mwenye mtumbwi wa pili, wa tatu, na mtoto ambaye hajazaliwa. Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kuiharibu dunia na kumdhulumu maskini ni mambo yasiyotenganishwa. Pembeni ya ziwa hili hakuna haja ya kuthibitisha hoja hiyo. Waliobaki na nyavu tupu wanaijua.

Anayegundua kwamba amedhulumu afanye nini? Hapa watu wa harakati ya Kikristo ya Uamsho walitoa mfano ambao makanisa hayajaumaliza. Uamsho huo ulishika nguvu miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba na kwingineko Afrika Mashariki kupitia Waanglikana na Walutheri. Ndugu wa Uamsho hawakuridhika na toba ya moyoni. Aliyeiba alirudisha, aliyesingizia alikwenda kuomba radhi kwa jina, aliyeficha deni alilitaja mbele ya wenzake. Walikuwa na udhaifu wao, ikiwemo tabia ya kuwahukumu waliokiri kwa sauti ya chini. Lakini waliisoma habari ya Zakayo ilivyo: toba ina hesabu yake, na hesabu hiyo hulipwa kwa aliyeumizwa kabla ya kutolewa sadaka kanisani.

Jaribu jingine linatokana na woga. Mwenye mtumbwi ambaye samaki wamemkataa, mchimbaji wa dhahabu wa Geita ambaye hajapata kitu, wote hushawishika kwenda kwa mganga. Kanda ya Ziwa imelipa gharama kubwa kwa sababu hiyo. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kwa muda mrefu zaidi vikongwe wa Usukumani wameuawa wakidaiwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Waliofanya hivyo hawakuwa wote watu wasio na dini. Katika Matendo ya Mitume, waumini wa Efeso walivichoma hadharani vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Walipata hasara kwa hiari. Mkristo wa Mwanza anayevaa hirizi ndani ya shati la Jumapili hajafika hapo, na kunyamaza wakati bibi wa jirani anasingiziwa ni kumwacha mtu mikononi mwa wauaji.

Mambo haya hayawezekani kwa mtu peke yake. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya Kanisa. Jumuiya hukutana kila wiki, kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya. Mkeka hutandikwa, mshumaa huwashwa mbele ya msalaba mdogo, somo la Injili ya Jumapili husomwa, na kila mmoja husema lilivyomgusa. Kisha huja sehemu yenye uzito kuliko inavyoonekana: nani anaumwa, nani amelazwa hospitali ya Bugando na hana wa kumpelekea uji, nani amefiwa, nani na nani hawasemeshani. Zipo jumuiya ambazo zimegeuka mahali pa kukusanya michango na kuandika majina ya wasiolipa. Hizo zimepoteza somo, hata kama daftari la mhazini limejaa.

Eneo ambalo halijafikiwa vya kutosha ni kambi za visiwani. Mume hukaa huko miezi, mke yuko Magu au Sengerema na watoto, na mwanamke anayetaka kupewa samaki wa kuuza hulazimishwa kulipa kwa mwili wake. Upande wa Kenya tabia hiyo ina jina kabisa, jaboya, na imebeba Ukimwi kutoka mwalo hadi mwalo. Mafundisho ya ndoa yanayotolewa parokiani kwa watu wanaolala nyumba moja hayamfikii mvuvi huyu. Kinachomfaa ni ibada na jumuiya zinazofuata ratiba ya kazi yake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza na hupumzika mwezi unapong'aa, kwa hiyo mikutano ya kambini ipangwe siku za mbalamwezi, wanawake wanaonunua samaki wawe na sauti sawa na wenye mitumbwi, na suala la nani anauziwa samaki, na kwa masharti gani, lizungumzwe hapo hapo mkekani baada ya somo.